Honda CBX ya silinda sita: ikianza kusumbua, tafuta kwanza silinda iliyo baridi

Honda ilipoiingiza sokoni CBX kama modeli ya mwaka 1979, kazi ya kuibuni ilikuwa imeongozwa na Shoichiro Irimajiri, mhandisi yuleyule aliyebuni pikipiki za mashindano za silinda sita za miaka ya 1960. Zile ndizo zilizoanza kuonekana kwenye uwanja wa Monza, Italia, mwaka 1964 zikiendeshwa na Jim Redman, na baadaye mojawapo, RC166, ikampa Mike Hailwood ubingwa wa dunia wa cc 250 mwaka 1966 na 1967. Wazo lilikuwa moja: gawanya ujazo katika vyumba vidogo, pistoni ziwe nyepesi, injini izunguke kwa kasi kubwa bila kuvunjika. RC166 ilifika takriban mizunguko 18,000 kwa dakika. CBX ilibeba wazo hilo hadi barabarani: cc 1,047, kipenyo cha silinda mm 64.5 na mwendo wa pistoni mm 53.4, kamshafti (shafti zinazofungua valvu) mbili juu, valvu 24, kabureta sita za Keihin za mm 28, na nguvu za farasi 105 kwa mizunguko 9,000.

Urithi huo una upande wake mgumu kwa fundi. Silinda sita zilizo katika mstari mmoja zina mizani nzuri kuliko mpangilio wowote wa silinda chache. Kila baada ya nyuzi 120 za kranki (shafti kuu ya injini) kuna silinda inayowaka, na pistoni zinazopanda zinafuta mtikisiko wa zinazoshuka. Kwa hiyo silinda moja ikifa, pikipiki haitetemeki kama ile ya silinda moja au mbili. Inaendelea kwenda, imepungua nguvu kidogo tu, na mwenyewe anadhani ni uzee. CBX nyingi zilizofufuliwa kwa gharama kubwa, rangi mpya, kromu inang'aa, zinatembea kwa silinda tano. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na sauti wala hisia za mwendo. Unaanza na joto la kila bomba peke yake.

Ramani ya mabomba sita

Iache pikipiki ipoe usiku mzima. Iwashe kwa choki, iache izunguke dakika moja, kisha pima joto la kila bomba la ekzosi sentimita tano hivi kutoka kwenye kichwa cha injini. Kipimajoto cha infraredi, kisichogusa bomba, kinafaa zaidi. Usipokuwa nacho, dondoshea tone la maji kila bomba: linalochemka na kukauka papo hapo ni la silinda inayowaka, linaloteleza chini bila kuchemka ni la silinda iliyolala. Usitumie kidole. Silinda zinahesabiwa kutoka kushoto kwa dereva aliyeketi, 1 hadi 6, na mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4.

Andika matokeo kwenye karatasi, maana uchunguzi wote unategemea umbo la majibu. Jozi za kioo, yaani 1 na 6, 2 na 5, au 3 na 4, zikiwa baridi pamoja, shuku moto wa plagi. Silinda moja peke yake inaelekeza kwenye plagi yenyewe, kofia yake (inayounganisha waya na plagi), kabureta yake au valvu zake. Majirani wawili wakiwa baridi, isipokuwa 3 na 4 ambao pia ni jozi ya kioo, tazama mafuta. Upande mzima, 1 hadi 3 au 4 hadi 6, hutokea zaidi baada ya kichwa cha injini kufunguliwa. Zote zikiwa vuguvugu au zikiwaka kwa kubahatisha, shida iko mahali pa pamoja: betri, waya mkuu, tangi, au boksi la hewa.

Wenye Benelli 750 Sei au Kawasaki Z1300 za kwanza wanaweza kutumia ramani hiihii, ila wakumbuke kwamba pikipiki hizo zina kabureta tatu zinazolisha silinda mbilimbili. Kwao, majirani wawili baridi mara nyingi ni kabureta moja tu iliyoziba.

Jozi ya kioo iko baridi

CBX ina koili tatu, na kila koili inatoa cheche kwenye plagi mbili kwa wakati mmoja: silinda moja ikiwa inabana mchanganyiko, mwenzake anatoa moshi na cheche yake haina kazi. Umeme unapita plagi ya kwanza, unavuka bodi ya injini, unarudi kupitia plagi ya pili. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanakuta silinda 2 na 5 zimelala, wanaagiza koili mpya, kumbe ni kofia moja tu iliyokatika ndani. Kofia ikikatika upande mmoja, njia nzima inakatika au kudhoofika, na plagi zote mbili zinaathirika.

Fuata utaratibu huu. Chomoa kofia zote sita na upime ukinzani wa kila moja kwa multimita. Kofia nyingi za aina hii zina takriban kilo-omu 5. Inayosoma mara mbili ya wenzake, au isiyosoma kabisa, itupe. Nyingi hufunguka kwa skrubu, kwa hiyo kata milimita tano za mwisho wa waya uliooza na ukaze kofia kwenye shaba safi. Kisha pima ukinzani wa nyaya ndogo za kila koili na ulinganishe zote tatu. Koili tatu za umri mmoja zinapaswa kusoma karibu sawa. Ile inayojitenga ndiyo mshukiwa.

Zikisoma sawa na jozi bado ni baridi, badilishana koili: waya mdogo pamoja na nyaya kubwa za jozi mbovu zihamie kwenye koili ya jozi inayowaka vizuri, kama urefu unaruhusu. Ubaridi ukihama, koili ni mbovu. Ukibaki palepale, tatizo liko nyuma ya koili, kwenye kifaa cha elektroniki cha kuwasha au pikapu yake (kihisi kinachokiambia wakati wa kutoa cheche), na mara nyingi sana ni soketi tu iliyoota kutu ya kijani.

Kabla ya yote hayo, pima volti. Weka multimita kwenye betri, soma; kisha soma kwenye waya wa umeme unaoingia koili, swichi ikiwa imewashwa. Tofauti ikizidi volti 1, koili zote zina njaa. Umeme huo umepita swichi ya ufunguo, swichi nyekundu ya mkononi na soketi kadhaa za zaidi ya miaka 40. Safisha zote. Dawa ya kudumu ni relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya volti 12 inayoamshwa na waya wa zamani, huku umeme wa koili ukitoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. Kazi ya saa moja, na mara nyingi inamaliza shida ya kuwaka asubuhi kuliko kusafisha kabureta.

Katika pikipiki iliyofufuliwa kuna kosa lingine la aina yake: fremu imepigwa rangi ya unga, na hakuna aliyekwangua pale waya wa betri unapofungwa. Rangi hiyo haipitishi umeme. Kwangua hadi chuma kionekane, kaza, kisha paka grisi juu.

Silinda moja tu

Toa plagi. NGK D8EA ndiyo inayotumika sana, mwanya wa mm 0.6 hadi 0.7. Plagi iliyolowa petroli ina mafuta lakini haina moto wa kutosha. Plagi kavu, nyeupe, ina moto lakini haina mafuta. Plagi yenye oili nyeusi inayong'aa inaonyesha sili za valvu au ringi za pistoni.

Plagi ikiwa sawa, pima kompresheni, plagi zote sita zikiwa nje na akseleta imevutwa hadi mwisho. Usihangaike sana na namba yenyewe, kwa sababu geji zinatofautiana. Angalia usawa. Silinda iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 ina jambo. Tia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena: ikipanda sana, ringi zimechoka au zimeganda baada ya pikipiki kulala miaka, isipopanda, valvu inavuja.

Na valvu ya CBX huvuja kwa njia ya kimyakimya. Kwenye injini hii bamba la kurekebishia nafasi kati ya kamshafti na valvu, shimu, linakaa juu ya kikombe, na kadiri valvu inavyozama kwenye kiti chake nafasi inapungua badala ya kuongezeka. Hivyo injini haipigi kelele ya kukuonya. Inazidi kuwa kimya, na siku moja valvu ya ekzosi haifungi tena vizuri. Dalili zake ni kuwaka kwa shida injini ikiwa ya moto na kuzimika kwenye taa za barabarani. Pima nafasi zote 24 kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) injini ikiwa imepoa kabisa, ziandike, linganisha na kitabu cha mwaka wa pikipiki yako, kisha badilisha shimu. Zinauzwa kwa hatua za mm 0.05. Anayekuambia amerekebisha valvu za CBX kwa nusu saa hakuzipima zote.

Upande mzima umelala

Kamshafti za CBX hazikutengenezwa kwa kipande kimoja. Kila moja ina nusu mbili zinazounganishwa katikati kwa kiungo, ili shafti ndefu isipinde. Silinda tatu za upande mmoja zikiwa na kompresheni ndogo mara tu baada ya kichwa kufungwa upya, usiwashe tena. Funua kifuniko, peleka kranki kwenye alama, na uhakikishe alama za nusu zote nne. Nusu iliyofungwa vibaya inaweza kukutanisha valvu na pistoni, na valvu nne kwa kila silinda ni hesabu ya kuumiza.

Kabureta: majirani baridi, au zote zinakwama kwenye mzunguko wa chini

Pikipiki iliyolala na petroli ndani huziba kwanza tundu dogo kuliko yote, jeti ya mzunguko wa chini. Dalili ni pikipiki inayokataa kusimama kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika bila choki lakini inakwenda vizuri ukishavuta mafuta, kwa sababu huko juu jeti kubwa ndizo zinazofanya kazi.

Kuzitoa kabureta ndiko kunakowatisha watu, na kwa haki. Zimefungwa sita kwa pamoja, zimebanwa kati ya boksi la hewa na mipira ya kichwa cha injini. Wanaozilazimisha huvunja midomo ya mipira migumu au hupinda bamba linalozishika. Injini hii imeinamishwa mbele kwa nyuzi 33 na inaning'inia kwenye fremu isiyo na mabomba ya mbele, na hilo ndilo linalokusaidia. Ondoa ekzosi, weka jeki yenye ubao chini ya injini, toa boliti zinazoshika injini kwenye fremu upande wa mbele na juu, legeza za nyuma bila kuzitoa, kisha ishushe pua ya injini polepole. Ikishuka kiasi, nafasi ya kutosha inafunguka na kabureta zinatoka bila ugomvi. Angalia nyaya na kebo kila unapoishusha sentimita moja.

Ndani, panga vipande vya kila kabureta kwenye kisanduku chake. Pistoni ya utupu ya kabureta hizi ni ya chuma, imelinganishwa na mwili wake. Ukizichanganya, moja itakwama na nyingine itavuja hewa. Ikiwa safi na kavu inapaswa kushuka yenyewe, taratibu, bila kukwaruza. Jeti ya mzunguko wa chini, ikiwa ni ile iliyoshindiliwa, usiing'oe kwa koleo. Pitisha uzi mmoja wa waya mwembamba wa shaba, puliza dawa ya kabureta, kisha tazama kupitia tundu kwenye mwanga. Unapaswa kuona duara kamili, jeusi kingo, jeupe katikati. Duara lenye upande uliobonyea bado lina uchafu.

Badilisha oringi za mabomba madogo yanayopeleka petroli kutoka kabureta moja hadi nyingine. Hizo ndizo chanzo cha majirani wawili kulala pamoja, na ndizo zitakazovuja juu ya injini ya moto ikiwa utaziacha za zamani. Kabla ya kurudisha, unganisha tangi dogo la majaribio, funga mpira mwembamba unaoonyesha kwenye tundu la kumwagia la kila bakuli, uinue wima, fungua skrubu na uone petroli inasimama wapi. Viwango vyote sita viwe sawa. Kimoja kikiwa juu, boya lake limepinda au sindano haifungi.

Mipira kati ya kabureta na kichwa ikiwa migumu kama kwato, usiirudishe hata kwa gundi. Injini ikiwa inazunguka chini, puliza dawa ya kabureta kidogo kwenye maungio: mzunguko ukibadilika, hewa inaingia pembeni. Jihadhari na ekzosi ya moto unapofanya hivyo.

Boksi la hewa lirudi. Vichungi vidogo sita vya kuchomeka vinapendeza kwa macho, lakini kabureta za utupu zinahitaji hewa tulivu, na bila boksi utapata shimo katikati ya mwendo, yaani nguvu inakatika, ambalo jeti kubwa haiwezi kuliziba. Kisha linganisha kabureta zote kwa geji sita za vakyumu, injini ikiwa ya moto. Moja haina skrubu ya kurekebisha. Hiyo ndiyo msingi, tano zilizobaki zifuate.

Stata inagota "tak" na injini haizunguki

Acha kidole chako kitoke kwenye kitufe. Kama betri ina nguvu na injini imegota ghafla, huenda sindano ya boya haikufunga usiku, petroli imejaa juu ya pistoni, na kimiminika hakibaniki. Ukiendelea kulazimisha utavunja klachi ya njia moja ya stata au kupinda fimbo ya pistoni. Toa plagi zote, funika matundu kwa kitambaa, zungusha injini kwa spana, umwage kilichomo mbali na cheche yoyote. Kisha nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli, mwaga oili yote na chujio kabla ya kuwasha, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi saba za kranki. Funga bomba la tangi kila unapoegesha.

Kelele

Mgongano wa chini injini ikiwa haijavutwa mafuta, unaopotea ukipanda hadi mizunguko 1,500, mara nyingi ni kabureta ambazo hazijalingana. Silinda zinasukuma kwa nguvu tofauti, na mnyororo mkuu wa ndani pamoja na kapu la klachi vinacheza kati yao. Linganisha kabureta kwanza. Watu wamefungua injini nzima kwa kelele hii bila sababu. Kelele ikibadilika ukibana klachi, basi chunguza klachi.

Mkwaruzo wa juu, kama mnyororo mlegevu, ni minyororo ya kamshafti. Iko miwili: mmoja unatoka kranki hadi kamshafti ya ekzosi, wa pili unaunganisha kamshafti mbili. Kila mmoja una kikazio chake. Legeza boliti ya kufungia, acha springi ijivute yenyewe, kaza. Usisukume kwa bisibisi, maana mnyororo uliobanwa kupita kiasi unakula mpira wa reli zake. Kelele ikibaki, toa sinia ya oili. Vipande vyeusi vya mpira kwenye chujio la ndani vinamaanisha reli zimekwisha.

Haichaji

Ili injini iwe nyembamba kwa chini, Honda haikuweka altaneta (jenereta inayochaji betri) mwishoni mwa kranki. Iko nyuma ya silinda, kwenye shafti ya pembeni, na inaendeshwa kupitia klachi ndogo ya msuguano inayoruhusu kuteleza kranki inapobadilisha kasi ghafla. Klachi hiyo ikichoka, altaneta inabaki nyuma ya injini.

Betri iliyopumzika isome karibu volti 12.6. Kwa mizunguko 5,000, taa zikiwa zimezimwa, isome karibu 14. Ikisoma vizuri taa zikiwa zimezimwa kisha ikaporomoka ukiwasha taa kubwa, na kuna mlio wa kusugua nyuma ya silinda, klachi ya altaneta inateleza. Ikisoma 12 na kushuka daima, chomoa soketi ya nyaya tatu za njano na upime volti za mkondo geuzi kati ya kila mbili. Zikiwa sawa zote, shuku regyuleta (kidhibiti cha volti) na rektifaya (kigeuzi cha mkondo). Mojawapo ikiwa chini, shuku waya uliokatika ndani, lakini tazama soketi yenyewe kwanza: plastiki iliyogeuka kahawia imeungua kwa ukinzani wa umeme na inahitaji kukatwa na kubadilishwa.

Oili inayotiririka nyuma ya injini baada ya altaneta kurudishwa ni oringi yake kubwa iliyobanwa vibaya.

Mkia unayumba kwa kasi

Hii ni ya modeli ya 1979 zaidi. Mkono wa gurudumu la nyuma ulikuja na bushi za plastiki, na zikichakaa pikipiki yenye uzito wa karibu kilo 250 inayumba kwenye kona ndefu. Inua gurudumu la nyuma, mtu mmoja ashike fremu, mwingine asukume gurudumu kushoto na kulia. Mchezo wowote unaoonekana kwenye kiungo unatosha kuhukumu. Weka bushi za shaba nyeusi zilizochongwa kwa kipimo, au beringi za sindano kama zile za mwaka uliofuata, na paka grisi kabla ya kupitisha shafti. Beringi za usukani na tairi ziangaliwe siku hiyohiyo, kwa sababu dalili zake zinafanana.